Picha ya Mchangani

Watu wa mtaa wa Kabondo walimwita Alfani Tambwe "Papa Mchanga", yaani Baba Mchanga, na miaka ya mwanzo jina hilo halikuwa na ubaya wowote. Kila maji ya mto yalipopungua, mwezi wa pili na tena mwezi wa nane, mafungu ya mchanga yalichomoza katikati ya mto, chini ya maporomoko. Alfani alikuwa akipanda mtumbwi wa mvuvi mmoja wa kabila la Wagenya kabla jua halijatoka, kamera mgongoni, miguu mitatu ya mbao ya kuisimamishia begani, akaenda kupiga picha mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kitu. Alirudi saa mbili asubuhi, suruali imelowa hadi magotini, uso umekunjuka kama wa mtu aliyekula karamu asiyoigharamia.

"Umepiga nini leo, Papa Mchanga?"

"Jangwa."

Walicheka sana. Jangwa nani aliliona? Mji wa Stanleyville, ndivyo Kisangani ilivyoitwa siku hizo, umezungukwa na msitu. Utembee siku kumi upande wowote unaoutaka, bado uko chini ya miti. Lakini Alfani alikuwa amejua siri ya lile fungu la mchanga. Saa kumi na mbili na robo, jua likitambaa chini kabisa, kila mkunjo ambao maji yameuacha mchangani unapata upande mweupe na upande mweusi, na mikunjo midogo isiyofika kifundo cha mguu inageuka milima. Ukiinamisha kamera vizuri, mto hauonekani. Msitu hauonekani. Hiyo nuru haikai. Dakika ishirini, na kama ukungu umechelewa kuondoka, kumi. Saa moja kamili mchanga unakuwa mchanga tu.

Ugonjwa huo aliupata kwenye kalenda. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja alipoingia kazini kwa Mgiriki mwenye duka la picha kule Makiso, katikati ya mji. Akaanza kwa kufagia, akafika kwenye kuosha picha, mwisho akawa anawapiga picha watu weusi, maana Mgiriki mwenyewe alichoka nao upesi. Juu ya meza kulikuwa na kalenda ya kampuni ya meli, na mwezi wa nne ulikuwa na picha ya jangwa la kaskazini, asubuhi. Ule mwezi ulipokwisha, Mgiriki aligeuza karatasi, na Alfani, akiwa peke yake, aliirudisha. Kwao walikuwa Waislamu wa ukoo wa zamani, wajukuu wa watu wa misafara ya pembe za ndovu. Baba yake alizoea kusema kwamba huko wanakoelekea wakisali ni mchanga na nuru, hakuna kingine. Mzee hakuwahi kuvuka hata mto Lindi, lakini alisema hivyo kwa uhakika, na mwanawe aliamini.

Mwaka wa hamsini na saba Alfani alimwonyesha Mgiriki picha moja ya mchanga. Mgiriki aliitazama muda mrefu, akaiweka kwenye droo. Miezi minne baadaye picha ile ilikuwa kadi ya posta, ikiuzwa kwenye hoteli ya wazungu, na pembeni, kwa herufi ndogo za kupendeza, jina la Mgiriki.

"Patron, hii ni yangu," Alfani alisema.

"Kamera ya nani?" Mgiriki aliuliza bila kukasirika. "Karatasi ya nani? Dawa ya nani?"

Alfani alitaka kuuliza, jicho la nani? Hakuuliza. 

Uhuru ulipokuja, Mgiriki aliondoka na masanduku mawili, akaacha kamera moja kuukuu ambayo hakuweza kuibeba. Alfani aliichukua, akafungua studio yake Kabondo, chumba kimoja chenye baraza na dirisha la kioo. Juu ya mlango aliandika "Foto Alfani Tambwe" kwa herufi kubwa kiasi kwamba jirani mmoja aliuliza kama ni studio au ni chama cha siasa.

Barazani alimpa nafasi shemeji yake Jafari, kaka wa mke wake Sikujua. Jafari alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mrefu, mwenye uso mwembamba wenye mifupa, macho yaliyoingia ndani. Ukimtazama kimya, ungesema ni mtu wa kuogopwa. Shida ni kwamba hakuwa akinyamaza. Alitania wateja, alitania cherehani yake, alitania hata imamu. Na damu ilimshinda: siku ya Idi ni jirani aliyemchinjia kuku, yeye akiwa amegeukia ukuta. Mke wake alikufa kwa homa akamwachia binti mmoja, Nyota, na ni Sikujua aliyesaidia kumlea.

Miaka minne ikapita hivyo, karatasi za picha zikiadimika, serikali zikibadilika. Halafu, mwezi wa nane wa mwaka sitini na nne, waasi walioitwa Simba wakaingia mjini.

Waliingia na majani kichwani na dawa ya maji ya kuzuia risasi mwilini, na wanajeshi wenye bunduki wakawakimbia. Wiki ya kwanza watu wengi walishangilia. Wiki ya pili walishangilia waliolazimika. Kila mtu alitakiwa awe na kadi ya chama yenye picha, na kwa sababu hiyo studio ya Alfani haikupumua. Hapo ndipo alipokuja komanda mmoja aliyeitwa Dominique, mtu mfupi, mnene, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya vita. Alitaka picha kubwa ya kutundika ofisini.

Alfani alimpiga. Dominique alipoiona picha alijifuta jasho.

"Ninafanana na mutu wa kuuza sabuni," alisema.

Alfani angeweza kuliacha jambo hapo. Miaka yote iliyofuata Alfani alirudi kwenye dakika ile, mkono wa komanda ukiwa juu ya meza, picha mbaya katikati yao, na yeye mwenyewe akiwa na ruhusa kamili ya kunyamaza. Lakini kichwani aliona mchanga. Aliona nuru ya saa kumi na mbili na robo, na juu ya tuta mtu mmoja amesimama. Miaka saba alikuwa amepiga jangwa tupu, na sasa akajua kilichokosekana.

"Komanda, picha ya mutu mumoja si kitu," alisema. "Nitakufanyia picha ya Simba wote. Unipatie ngozi ya chui, mukuki, na ruhusa ya kuvuka mutoni asubuhi."

Dominique alimletea wapiganaji kumi achague. Alfani aliwatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mashavu, mwingine alikuwa mtoto bado, wa tatu alikuwa na macho ya kilevi. Nje, barazani, cherehani ilikuwa inalia, na Jafari alikuwa ameinamia kitambaa, pini mdomoni, amenyamaza kwa sababu ya zile pini.

"Nimepata mutu," Alfani alisema.

Jioni hiyo Sikujua aliposikia alisimama na mwiko mkononi. "Jafari? Ile anayeogopa kuku?"

"Ni picha tu."

"Tafuta mutu ya kwao. Iko wengi."

"Hawana uso. Sikujua, asubuhi moja tu. Niazime kaka yako asubuhi moja."

Jafari mwenyewe hakupinga sana. Alikuwa na tabia ya kumfurahisha mtu. "Bon, shemeji," alisema, "lakini chui akiamka ndani ya ile ngozi, miye ninakimbia."

Walivuka mto giza likiwa linapauka. Kulikuwa na baridi ya mto, ile inayoingia kwenye mifupa, na Jafari, kifua wazi, ngozi ya chui begani, mkuki mkononi, alikuwa akitetemeka na kutania. Alfani alimsimamisha juu ya tuta, akarudi nyuma hatua thelathini akikanyaga kwa uangalifu ili asiharibu mikunjo, akainamisha kamera. Nuru ikaja. Ilikuja safi, bila ukungu, ikalala juu ya mchanga, ikapanda miguu ya Jafari, ikafika usoni. Na Jafari alikuwa anacheka.

"Usicheke!"

"Siwezi, shemeji. Mukuki inanikwaruza."

"Fikiria kitu kibaya!"

"Kitu gani?"

Dakika zilikuwa zinakwenda. Alfani alipiga kelele: "Fikiria mama yako! Fikiria asubuhi ile ulimuita asiitike!"

Mama yao Jafari na Sikujua alikuwa amezikwa mwezi wa kumi na mbili uliopita. Kicheko kilimtoka Jafari usoni kama taa inavyozimwa. Aliinua kichwa, akatazama mbali, juu ya kamera, juu ya Alfani, na Alfani akabonyeza.

Walirudi. Kwenye mtumbwi Jafari alivaa shati lake, akasema tu, "Ile haikuwa vizuri, shemeji." Alfani alikubali kwa kichwa, lakini moyoni alikuwa akiimba.

Ilikuwa picha kubwa. Hata waliomchukia baadaye hawakukana. Mchanga ulikwenda hadi mwisho wa dunia, kila mkunjo kama umechongwa, na juu yake simba wa watu, mrefu, mwenye uso wa hukumu. Komanda Dominique aliitazama mpaka machozi yakamlengalenga. Aliagiza nakala, akatoa karatasi zilizochukuliwa kwenye duka la mzungu aliyekimbia, na kabla ya mwezi kwisha picha ilikuwa imebandikwa posta, bandarini, sokoni, kwenye kila ukuta wa Makiso. Mwandishi wa habari mmoja kutoka nje aliomba nakala akaondoka nayo. Alfani aliweka moja kwenye dirisha lake la kioo. Na kwenye kila nakala, chini, kwa herufi nyeupe: Foto Alfani Tambwe. Safari hii hakuna aliyeuliza kamera ni ya nani.

Mwanzoni Jafari alichekwa sokoni. "Simba!" walimwita. Aliitikia, "Simba wa cherehani!" Lakini miezi ilivyokwenda, watu walianza kuchukuliwa majumbani, makarani, walimu, watu waliosemwa kuwa wana akili nyingi, na wengi hawakurudi. Wajane walianza kupita mbele ya baraza. Mmoja alisimama, akatazama picha dirishani, akamtazama Jafari, akatema mate chini.

Siku hiyo Jafari alisimamisha cherehani. "Shemeji, toa ile picha."

"Nitaitoa."

"Leo."

"Komanda anapita hapa kila siku. Akiona nimeitoa atauliza nini? Ngoja kidogo."

Alikuwa na hoja, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba kila asubuhi, akifungua studio, alisimama barabarani kwanza aitazame.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja ndege zilikuja, askari wa miavuli wakashuka, na nyuma yao wanajeshi wa serikali. Simba walitawanyika msituni, Dominique akiwa wa kwanza. Wazungu walipakiwa kwenye ndege. Waliobaki ni watu wa mji, na wanajeshi waliokuwa wamepoteza ndugu, wenye aibu ya kukimbia miezi mitatu nyuma. Alama yoyote ilitosha mtu auawe kama Simba: kovu la chale ya dawa kwenye paji la uso, jani kwenye nywele, kadi ya chama mfukoni.

Alfani alikuwa ameshatoa picha dirishani, asubuhi ya siku ya kwanza ya risasi. Aliiweka nyuma ya kabati, uso ukielekea ukutani. Angeweza kuichana. Jafari alikuwa amenyoa kichwa na ndevu, akabaki kama mtu mwingine, na kwa sababu kukaa ndani kulifanya watu waulize, siku ya nne alirudi kwenye cherehani yake, akashona, ameinama.

Sajini alikuja saa nne asubuhi na watu watano. Mkononi alikuwa na picha iliyobanduliwa ukutani, plasta bado imeng'ang'ania nyuma. Alikuwa anafuata herufi nyeupe.

"Tambwe ni nani?"

"Ni mimi, chef."

"Ulipiga hii?"

"Walinilazimisha, chef." Lilikuwa neno la kwanza lililokuja.

"Huyu ni nani?"

"Simujui. Walimuleta. Mutu ya mbali."

Sajini alimpiga kofi moja, si kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango. Wengine waliingia ndani, wakavuta kabati, wakatoka na picha kubwa wakaiegemeza barazani, hatua tano kutoka kwenye cherehani.  Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sajini hakuwa amemtazama fundi hata mara moja. Fundi alikuwa mtu aliyenyolewa, mwembamba, ameshika suruali ya mtu. Lakini mwanajeshi mmoja alianza kuitazama picha, akageuza kichwa barazani, akarudi tena kwenye picha, na Alfani aliyaona yale macho yanavyokwenda na kurudi. Akashindwa kuvumilia.

"Hapana, chef!" alipiga kelele. "Yeye si Simba! Ni fundi cherehani tu, ni shemeji yangu! Hakuua mutu, hata kuku hawezi kuchinja! Ni miye nilimuvalisha ile ngozi!"

Sajini aligeuka polepole.

"Donc, basi, ni yeye," alisema.

Jafari hakukimbia. Aliweka suruali juu ya meza, akaikunja kwa mkunjo wake, akasimama. Alimtazama Alfani, na Alfani alingoja atukanwe. Jafari alisema tu, "Nyota iko shule. Asinikute hapa." Wakampakia kwenye lori. Sikujua alitoka mbio uani, mikono imejaa povu la sabuni, akaliona lori linakata kona.

Alfani aliwafuata kwa miguu hadi kambini kwao, akaomba, akapigwa kitako cha bunduki, akarudi. Alikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu sajini yuleyule alimwambia asijisumbue tena, hakuna wa kumwona. Hakumwambia alizikwa wapi, kama alizikwa. Kisha akamwambia jambo jingine: "Weye hatukufanyi kitu. Tutakuhitaji. Watu wote watapigwa picha tena, kadi mpya."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki tatu mfululizo Alfani aliwapiga picha watu wa Kabondo, wamesimama mstari mrefu, uso mbele, kofia mkononi, walewale aliowapiga mwezi wa nane. Hakuna aliyemsalimia.

Negativu zote za mchanga, pamoja na kila picha yenye uso wa Jafari, alizichoma kwenye jiko la makaa, mchana, uani, Sikujua akitazama. Alidhani tendo hilo litasema kitu. Sikujua alingoja mpaka moshi ulipokwisha.

"Uliniomba kaka yangu kama mutu anaomba chumvi kwa jirani," alisema. "Sasa unachoma karatasi. Ndio dawa?"

Hakumwacha siku hiyo. Alikaa kwa sababu ya Nyota, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Alipika, akaweka chakula cha Alfani mezani, akaenda kula na binti jikoni. Miaka miwili aliishi naye hivyo, bila ugomvi hata mmoja, na Alfani, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujua la kufanya na ukimya ule. Mwaka wa sitini na saba, mji ulipochafuka tena kwa bunduki, Sikujua alimchukua Nyota wakapanda lori la watu wanaorudi Maniema. Alisema anakwenda kuwatazama ndugu zake. Alichukua na cherehani.

Alfani alibaki. Alipiga picha za pasipoti, za kadi, za marehemu wamelazwa kitandani. Jina "Papa Mchanga" lilibaki pia, ila sasa watu walilitamka wakiwa wameshampita. Mwezi wa pili ukifika, akisikia wavuvi wanasema maji yamekauka, alilala mpaka saa tatu.

Mwaka wa sabini, asubuhi ya Jumanne, msichana mrefu aliingia studioni. Alikuwa na uso mwembamba wenye mifupa. 

"Tonton," Nyota alisema, kama alivyomwita mume wa shangazi yake tangu utotoni. Hakutoa mkono. Alifungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ukurasa wa gazeti la Ulaya. Sista mmoja wa shule aliukuta kwenye magazeti ya zamani akampa bila kujua. "Nyumbani hatuna picha ya papa. Hata moja. Shangazi anasema zote zilikuwa huku kwako, na ulichoma. Ninataka uso tu. Utoe mukuki, utoe ile ngozi. Uso tu."

Alfani aliukunjua ukurasa. Mchanga ulikuwapo, umepauka kwa wino wa gazeti, na Jafari juu yake. Chini walikuwa wameandika kwa Kifaransa: Mpiganaji wa Simba, Stanleyville, 1964. Mpiga picha hajulikani. Pale chini, mahali pa herufi nyeupe, picha ilikuwa imekatwa.

Jicho lake lilikuwa limekwenda huko kwanza. Kabla ya uso wa Jafari, lilikwenda kutafuta jina. Alilitambua jambo hilo wakati uleule, na msichana akiwa amesimama mbele yake akatamani ardhi immeze, maana alielewa kwamba miaka sita ya majuto haikuwa imekigusa kile kitu ndani yake hata kidogo.

Aliubandika ukurasa ukutani karibu na mlango, akasogeza kamera, akapiga mara nne. Alimwambia arudi baada ya siku mbili. Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote, akafuta bega lenye madoa kwa brashi ndogo, akachora kola ya shati mahali pa ngozi. Uso ulitoka na vidoa vya gazeti, lakini ulikuwa uso.

Nyota aliupokea, akautazama, akausogeza dirishani.

"Anaonekana mukali," alisema. "Shangazi anasema alikuwa mutu ya kucheka."

"Alikuwa mutu ya kucheka."

"Basi mbona hapa hacheki?"

Alfani alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo yote, baridi ya mto, mkuki, kelele zake mwenyewe juu ya mchanga. "Jua lilikuwa machoni," alisema.

Nyota aliiweka picha kati ya kurasa za daftari. Mlangoni alisimama.

"Nitaolewa mwezi wa saba, kule kwetu Kindu. Nilitaka papa awe ukutani siku hiyo." Alilibana daftari kwapani. "Asante kwa kazi, tonton. Lakini weye usikuje."

"Sitakuja," Alfani alisema.

Alimsindikiza kwa macho mpaka alipopata baiskeli ya kumpeleka bandarini. Ndani kulikuwa na mama mmoja anangoja picha ya kadi, mtoto mgongoni. Alfani alimwomba amshushe mtoto, anyooshe shingo, atazame mbele.